Ndoo Mbili za Maji

Mjukuu wangu Mhoja,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako anatembea tena, na dagaa wa Nkome tumewamaliza.

Unauliza kama utie sahihi kwamba waya wa radi, ule unaoipeleka radi ardhini, wa zahanati hapo Masumbwe umepimwa, ilhali hujaupima.

Nilipotoka sekondari niliajiriwa kwenye mgodi wa dhahabu, Geita. Waya wa radi wa nyumba ya mitambo uliishia kwenye ardhi ya mawe, ambayo ikikauka haipokei umeme. Kwa hiyo kila asubuhi ya kiangazi nilitakiwa kumwaga pale ndoo mbili za maji, kisha niandike kitabuni. Mwaka mmoja wa ukame, jirani yetu Mama Kulwa alinikuta.

"We kijana, mnanywesha mawe? Nayo yana homa kama mwanangu?"

Nikampa ndoo zote mbili, siku ile na zilizofuata. Kitabuni niliandika, "Yamemwagwa." Ukweli niliuandika kwenye shajara yangu, ambayo haisomwi na mtu.

Wingu la kwanza lilipotanda, rafiki yangu fundi Masanja alifungua kitabu, akacheka. "Radi ipige tu! Ardhi imeshiba."

Hakuzima swichi kuu, kama tulivyotakiwa wingu likitanda na ardhi ni kavu. Nilikuwa mlangoni. Kama ningesema, ningefukuzwa kazi, basi. Radi ikapita kwenye nyaya, ikamuua.

Yale maji sijayajutia hata siku moja. Mazikoni walisema ni kudra ya Mungu, nami nikaitikia pamoja nao.

Ni mimi, babu yako.