Mjukuu Aliyetaka Kuazima Meno

Mwanangu,

Nimempeleka binti yako kwa daktari wa meno. Maharage yamo sufuriani, yapashe tu. Zile pakiti za biskuti unazomfungashia kila siku eti asubuhi huna muda, ~~nimezitupa zote~~ nimezificha. Mbili nimekula mwenyewe, sikufichi.

Asubuhi nilimkuta bafuni, shavu limevimba, ameshika glasi yenye meno yangu ya bandia. Akaniambia kwa adabu zake zote, "Bibi, niazime mpaka saa nne tu. Langu linauma nikitafuna biskuti."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikammulika mdomoni kwa tochi ya simu. Magego mawili yametoboka. Kicheko kikaniishia hapo hapo.

Mimi dunia iliningʼoa meno kwa miaka sitini, baba. Yeye ana sita.

Kesho amka mapema umchemshie mayai, hutakufa. Glasi nimekuachia hapo mezani makusudi. Siku ukitaka kununua pakiti nyingine, yatazame kwanza hayo meno. Yenyewe yameshaanza kukucheka.

Mama yako,
kibogoyo wa leo