Picha Inaishia Kwenye Nyusi

Imewaka, kaka, ila usifurahi. Shikamoo. Ile mashine yako ya zamani ya kuonyeshea picha za diski uliyotuletea toka ng'ambo, mkanda wa kuvuta diski uliyeyuka ukawa lami, nikakata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli. Diski ikaingia. Picha ya marehemu baba ikaanza kushuka kwenye tivii, paji la uso, nyusi, ikaganda. Kila nikirudia inaishia palepale.

Fundi redio kaniambia, "Mdogo wangu, lenzi ya kusomea diski imechoka. Hii mpe kuku atagie." Wateja wakacheka, nikaibeba nikarudi nayo nyumbani.

Picha za karatasi ulizichukua wewe, ukasema unaziweka kwenye diski. Sikuulizi ziko wapi. Ila macho ya mama yanakwisha, daktari hakutuficha. Sasa hivi anaona vitu vikubwa tu, tena kwa karibu. Tafuta lenzi huko ulikoinunua mashine, au uzilete hizo picha mwenyewe.

Naacha hapa, mama ananiita. Kasogeza kiti mpaka kwenye kioo cha tivii, anasema, "Ndiye huyu. Hebu mteremshe kidogo, mwanangu, nimwone macho." Inabidi niende nikamwambie haishuki zaidi.

Ni mimi, mdogo wako.