Kabula Alipokwenda Visiwani

Mjukuu wangu Minza,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima, na mama yako anavuna mpunga.

Umeniuliza kama nakuonea wivu, wewe uliyekimbia baridi ya Ulaya ukazunguke visiwa vya joto kwa mashua ya tanga. Nakuonea, tena sana.

Nilipokuwa msichana hapa Chato, baba mdogo alimchukua dada yangu Kabula kuzunguka visiwa vya ziwani kwa tanga, mimi nikaachwa. Aliniita tuagane, nikajifungia jikoni. Aliporudi sikumsalimu. Akaketi kando yangu, akasema, "Kila kitu nilikitazama mara mbili, mara ya pili kwa ajili yako." Akanisimulia kisiwa kimoja kimoja mpaka nikacheka.

Wivu haukuisha, mjukuu wangu, ila visiwa vyote nilivijua. Basi niandikie, usiruke hata kimoja.

Bibi yako