Cheti cha Fundi Laurenti

Kipatimu,
Kilwa, Lindi.
16 Septemba 2024.

Baba Mdogo Ambrosi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Hali yako ikoje, na Mama Mdogo Debora, mguu umeacha kuvimba? Sisi wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la kiangazi. Ila mioyo haijatulia. Nimekupigia simu mara nne wiki hii, hupokei, basi nimeona niandike.

Unajua Baba alikuwa anajenga bweni kule Masoko. Mwezi wa saba mkandarasi akatangaza kwamba fundi asiye na cheti asirudi tena saiti. Baba ameshika mwiko miaka arobaini! Bahati serikali sasa ina mpango wa kurasimisha ujuzi: fundi wa mtaani anapimwa kwa kazi yake, anapewa cheti bila kukaa chuoni. Wewe uliyestaafu kwenye elimu ya watu wazima unaujua kuliko mimi. Wenzake wote wakajiandikisha. Baba akakataa. Mama akigusia tu, anasukuma sahani na kutoka nje.

Nikamjazia fomu kwa siri. Kosa langu, nalikiri. Alipojua hakunisemesha siku tatu, ila siku ya kupimwa ilipofika alivaa shati lake la kanisani. Tulipanda gari la alfajiri hadi Nangurukuru.

Kwenye vitendo alijenga kona ya ukuta. Mpimaji, dada mmoja aitwaye Zakia, akaweka timazi kuona kama umenyooka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akampa karatasi ya maswali.

“Miwani nimesahau nyumbani,” Baba akasema.

Zakia akavua yake, akampa. Baba akaishika kitambo, halafu akailaza juu ya ile karatasi na kutoka.

Nilimkuta nyuma ya jengo, amesimama akiutazama ukuta. Akaniuliza, “Dativa, ulijua?”

Sikujua, Baba Mdogo. Miaka thelathini na minne nimekuwa mwanawe. Barua zako zote nimemsomea mimi, nikidhani ni macho. Siku zote alituambia aliishia darasa la nne.

Hapo ndipo aliponieleza. Kisomo kilipokuja kijijini, bibi akaenda, hata mtihani wa mwaka sabini na tano akafaulu. Yeye Baba, wa miaka kumi na mitatu, akaambiwa kisomo ni cha watu wazima. Shule ilipokuja kuwa lazima kwa kila mtoto, akaambiwa umri umepita. Alipokuwa mtu mzima kweli, akakuta darasa limekufa, taa hazina mafuta, mwalimu amehama. “Kila walipofungua mlango, mimi nilikuwa mlango mwingine,” akasema.

Zakia akatufuata huko nje. “Shikamoo mzee. Mimi sikuja kupima kusoma. Nitakuuliza kwa mdomo, nawe unijibu kwa mdomo.”

Nilidhani atakataa. Akarudi ndani. Alijibu kuhusu zege, nondo na msingi, na mwisho yeye ndiye akamuuliza Zakia: “Mbona hukuuliza mchanga wa ufukweni? Una chumvi ule, utakula nondo zako zote.” Zakia akaandika.

Cheti kimetoka wiki iliyopita, na mkandarasi amemrudisha kazini. Tungefurahi. Lakini nilipomsomea jina lake pale juu, alikichukua mkononi mwangu, akakitazama kwa muda mrefu, akasema, “Hata hiki sijui kama unanidanganya.” Mama alilia.

Nikasema nitamfundisha mimi. Hataki, mtoto hamfundishi baba yake. Nikaenda shule ya jirani. Kibao bado kinasema pana kituo cha elimu ya watu wazima, lakini mwalimu mkuu ananiambia tangu ahamie hajaona darasa hilo.

Jana nilimwambia kwamba nakuandikia. Akaniambia jambo ambalo mama tu alikuwa akilijua. Kwamba babu alitaka mtoto mmoja abaki shambani kufukuza ngedere na nguruwe, na mwingine aende shule. Zamu ilikuwa ya Baba kwenda. Wewe ulilia sana, Baba akakuachia. Kwamba wewe ulijua hajui kusoma, na ukaenda kufundisha watu wazima wa Tabora miaka thelathini.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linalonitisha. Akasema hivi, nami nayaandika maneno yake kama yalivyo: “Mwambie Ambrosi sasa zamu yangu ya shule imefika. Mwalimu namtaka yeye.”

Mpe salamu Mama Mdogo, na Fidelis na Salome. Mama anakusalimu. Mungu akulinde njiani, maana naomba uwe njiani. Usijibu kwa barua, Baba Mdogo. Baba amesema hasomewi tena.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Dativa