Kuku Wako wa Iringa na Mzee Nyuma ya Migomba

Uyole, Mbeya
14 Juni 1956

Mpendwa Shangazi Atuganile,

Shikamoo. Baridi ya huko Iringa inaendeleaje? Na goti lako, limekubali kupanda kile kilima cha sokoni au bado linakusumbua? Sisi huku ni wazima. Mume wangu Andendekisye amemaliza kuvuna mahindi, na mtoto ameota meno mawili, ananing'ata bila huruma.

Kwanza nikushukuru tena kwa Mama Iringa, yule kuku mweupe uliyenitumia kwenye tenga juu ya basi mwaka niliomzika mama. Uliniambia mbegu yake ilitoka kwa mama mwenyewe, akakupa ulipoolewa. Kila alipotetea asubuhi nilisikia nyumbani kwetu. Basi vumilia, habari zake si nzuri.

Ugonjwa uliingia bandani wakati wa mvua. Nilidhani ni kideri, nikawanywesha maji ya pilipili na majivu. Lakini kideri huua upesi, na hawa walikonda polepole, wakiburuta mguu mmoja, tumbo gumu. Tulipompasua mmoja aliyekufa, ini lilikuwa kubwa ajabu, limejaa uvimbe mweupe. Niliogopa, nikanawa mikono mara mbili. Mimi kwa huruma zangu nikawaleta wagonjwa jikoni, karibu na moto, palepale nilipokuwa nalea vifaranga. Vifaranga nao wakaanza kuchechemea.

Sasa usicheke. Baba yake Andendekisye, ambaye jina lake hata kuliandika mkono wangu unakataa, alikuwa akija kila mara nyuma ya migomba yetu na kukohoa. Nami, unaijua desturi yetu, mke asionane wala kusemezana na baba mkwe, nikisikia kikohozi tu najifunika nguo kichwani na kutimua mbio, mara nyingine na mwiko mkononi. Mchungaji anasema si lazima, lakini mama mkwe hataki mchezo. Kumbe mzee alikuwa anakuja kunionya kuhusu kuku, na mimi kila siku namkimbia!

Mwisho alichoka kukimbiwa. Siku moja, nikiwa ndani, akasimama kule kule akaanza kuisemesha migomba kwa sauti kubwa.

“Nyie migomba, sikieni! Nimemuuliza bwana mifugo. Ugonjwa huu hauna dawa. Wote wa banda lile wauawe, wafukiwe, na banda lichomwe. Hata yule mweupe. Naye anao, nimemwona anavyokwenda.”

Nikakaa chini nikalia, Shangazi. Nilikuwa nimeuona mguu wa Mama Iringa, nikajifanya sikuuona. Nadhani alinisikia, maana alishusha sauti, akasema taratibu:

“Migomba, mwambieni mwanangu, kama mkono wake ni mzito, Jumapili aende kanisani na mtoto. Mlango wa banda auache wazi. Akiufunga, sitaugusa.”

Jumapili ile niliwarudisha bandani wale wa jikoni. Nilifika mlangoni, nikarudi, nikafika tena. Mama Iringa alikuwa amelala kwa ubavu, akanitazama. Nikampa mtama mkononi, akala kidogo. Nikauacha mlango wazi, nikaenda kanisani.

Niliporudi, banda lilikuwa majivu. Pembeni ya migomba kulikuwa na shimo limefukiwa vizuri, mawe juu ili mbwa wasifukue. Mzee akaiambia migomba kwamba amenitengea mtetea katika kuku wake, wazima wote, ila nisimchukue kwanza. Atamlisha mwenyewe mpaka Andendekisye ajenge banda jipya upande wa pili wa nyumba. Wiki iliyopita, banda likiwa tayari, nilimkuta mtetea huyo amefungwa kwa kamba ya mgomba, mnene, na yai lake la kwanza pembeni. Si mweupe, ana madoa, na anapiga kelele kuliko mama mkwe.

Nikasikia kikohozi. Safari hii sikukimbia. Nilijifunika nguo, nikapiga magoti, nikaiambia migomba, “Asanteni sana.” Halafu nikasikia mzee anapenga kamasi.

Lakini shukrani ya kupitia migomba hainitoshi. Ndiyo sababu ya barua hii. Mwezi wa nane utakapokuja huku, wewe huna mwiko naye. Nenda kwake kabla ya kufika kwangu, umpe mkono, umwambie Tupokigwe anamshukuru, amempata baba. Mtazame vizuri usoni. Kisha uje uniambie anafananaje, maana mwaka wa nne huu nampikia, na uso wake siujui.

Wasalimie Mjomba Eliezeri, Damari na wanawe, na jirani yako Mwanakhamisi aliyelifunga lile tenga kwa ajili yangu. Mungu akulinde njiani na alipe goti lako nguvu za kupanda basi.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukungoja,
Tupokigwe