Siku Tuliyopiga Panki Matangani

Achieng' mjukuu wangu,

Hapa Awendo sisi wazima, shangazi yako anavuna miwa. Unauliza kwa nini bendi yetu ya panki, ule muziki wa kelele na uasi, miaka ile ya tisini, haikumaliza hata mwaka.

Tulipiga gitaa kwa fujo, nami nikipayuka, ili tuwaudhi wazee. Basi tukapiga matangani kwa jirani, tukingoja kufukuzwa. Kumbe wazee walishika matawi, wakakimbia wakipiga mayowe pamoja nasi, kufukuza kifo kama mila yetu ya matanga ilivyo. Mjane akanishukuru: "Erokamano, mtoto wangu. Umelia vile mimi nilitaka kulia."

Mpiga gitaa akasema tumeshindwa, mpiga ngoma akasema tumeshinda. Wakapigana, bendi ikavunjika. Nani alisema kweli? Mpaka leo sielewi.

Lakini siku yangu ikifika, usiniimbie polepole.

Nyanya yako