Kumi na Moja Haigawanyiki kwa Tatu

Jumamosi, 5 Aprili

Nyavu nimefunga mwenyewe, kama kila Jumamosi. Goti la kushoto limelalamika, la kulia limelijibu. Umande mwingi. Bosco alikuwa kalala ndani ya gari lake, kiti kakilaza nyuma, viatu vya mpira miguuni tayari. Katoka shifti ya usiku Wetherill Park, ghala la vyakula vya barafu. Nikagonga kioo. "Golikipa, amka, maiti hawadaki." Akacheka macho bado yamefumba.

Tumeshinda tatu kwa moja. Bosco kadaka penalti. Mechi ya kwanza tangu tupande daraja. Wazungu walikuwa warefu kama nguzo za umeme, na wamekwenda nyumbani wamenuna.

Fidelis kaja uwanjani na suti. Nikamwuliza nani kafa. Timu hii, Nyota ya Ziwa, tuliianzisha sisi wawili, wakati bado tunapotea njia ya kwenda stesheni ya Merrylands hapa Sydney. Tukaiita Ziwa kwa sababu wote tumetoka kandokando ya Tanganyika, Warundi na Wakongo. Sasa yeye ni prezida, mimi ni mtu wa nyavu. Sina wivu. Prezida hana ngazi ya kupanda.

Mwalimu wa Kiingereza kule Liverpool, hii ya huku huku Sydney, anasema tuandike kitu kila siku. Hakusema lugha gani.

Jumatano, 9 Aprili

Komite. Gereji ya Fidelis, viti vya plastiki, chai ya tangawizi. Komite ina watu wengi kuliko timu. Kuna mpaka mtu wa protokoli. Kazi yake ni kutuonyesha viti ambavyo tunaviona.

Shida ni hii. Wachezaji wanatoka makanisa matatu: la ngoma, la magitaa, na letu mimi na Fidelis, la mahubiri marefu. Mchungaji wa magitaa kalalamika kwamba vijana wake wanaota mizizi benchi. Fidelis akasema basi tugawane. Kila kanisa lilete wachezaji sawa, na komite ndiyo ipange nani acheze. Makofi.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini nikauliza: kumi na moja utaigawaje kwa tatu? Wakatoa simu wakapiga hesabu. Simu nazo zikakataa. Mwisho wakaamua wanne, wanne, watatu, na kanisa la watatu lipewe ukapteni, kama kifuta machozi.

Kocha Jeremia akainua mkono. Akasema: "Na asiye na kanisa?"

Asiye na kanisa ni mmoja tu. Bosco.

"Achague moja," Fidelis akasema. "Kabla mwezi haujaisha."

Nikasema analo kanisa lake, lina miti mitatu na wavu nyuma. Alicheka Jeremia peke yake.

Sikupenda. Bosco hana ndugu Sydney hii. Jumamosi ndiyo ndugu yake.

Jumapili, 13 Aprili

Nimempeleka Bosco kanisani kwetu. Nilimfuata nyumbani, nikamvalisha tai yangu. Katoka kazini alfajiri, macho mekundu. Mchungaji alipofika kwa Nuhu, Bosco akaanza kukoroma. Nikamkanyaga. Akakoroma kwa sauti nyingine. Mama mmoja nyuma akasema "Amina," akidhani ni maombi.

Kwenye gari hakucheka. Akasema: "Babu, sirudi. Mungu anazijua saa zangu za kazi. Siwezi kumdanganya yeye ili nidake mpira."

Nikamwambia watu wengi mle ndani wanamdanganya kwa faida ndogo zaidi. Akasema hao ni wao. Akanirudishia tai.

Kichwa kigumu. Nampenda.

Jumamosi, 3 Mei

Orodha ya wachezaji imetumwa kwenye simu na Prezida, jana. Kocha kaisoma kama sisi wengine tu. Bosco hayumo. Golini kawekwa kiongozi wa kwaya wa kanisa la ngoma, maana kwenye mgao wao walibakiza nafasi moja. Kijana mzuri, ana adabu. Mpira ukija anauinamia kama anampisha mkwe.

Tano kwa moja.

Bosco alikuja. Alisimama nyuma ya goli na jaketi la kazini. Alikuwa anamwelekeza yule kijana, toka, rudi, kulia. Mtu wa protokoli akamfuata akamwomba asimame mbali.

Alhamisi, 15 Mei

Tumefungwa tena Jumamosi iliyopita. Leo Jeremia kaacha ukocha. Kanipigia kabla ya kuwaambia wao. "Mzee, mimi ni kocha. Si mgawa soda harusini." Sina la kuongeza hapo.

Komite ikakaa kwa dharura. Wakaona shida ni kwamba kocha alikuwa mmoja. Sasa watakuwa watatu, kila kanisa wake. Niliomba wanipe na marefa watatu. Fidelis akasema Mzee Zakaria, heshimu kikao. Hajaniita Mzee tangu tufahamiane. Aliniita mbele ya watu. Imeniuma kidogo.

Jumamosi, 14 Juni

Baridi. Mapumziko leo kila kocha alihubiri zamu yake. Wa kwanza alisema tushambulie, wa pili turudi nyuma, wa tatu aliomba. Refa akapuliza filimbi kabla ya Amina.

Tumefungwa. Siandiki mangapi.

Bosco kapata timu nyingine, ya Wairaki wa Fairfield. Jeremia ndiye aliyempeleka. Ananiambia kule hawakumwuliza anasali wapi. Walimwuliza anavaa saizi gani. Wanampa chai kwenye kigilasi kidogo, sukari nusu yake. Nikafurahi. Kisha nikakasirika. Kisha nikalala.

Jumanne, 24 Juni

Nimekwenda kwa Fidelis peke yangu. Nilijiandaa njia nzima. Nikamwambia: unaua timu. Bado kidogo ishuke, na ikishuka vijana wataondoka. Mrudishe Bosco, mwite Jeremia, hiyo komite ipeleke ikacheze karata.

Hakukasirika. Akanimiminia chai. Akaniuliza kama nakumbuka timu ya kambini, kule ukimbizini.

Nakumbuka. Watu wa zoni mbili za kambi waligombana nani acheze. Yakarushwa mawe. Mdogo wake Fidelis akapoteza jicho. Na baada ya hapo zoni zile hazikuzikana. Mtu akifa upande huu, upande ule wanachungulia tu.

Akasema: "Zaka, timu ikifa kwa kufungwa, watu wataendelea kusalimiana. Ikifa kwa ugomvi, mimi nawe nani atatuzika hapa?"

Nimekunywa chai, nimerudi nyumbani kwa basi. Kanikera kweli. Mpumbavu mwenye sababu nzuri ni mgumu kumcheka.

Jumamosi, 12 Julai

Tumecheza na Wairaki. Golini kwao, Bosco. Jezi ya kijani, inamkaa.

Wametufunga nne. Hilo nilitegemea. Kisha tukapata penalti.

Kanisa la magitaa likasema zamu yetu. La ngoma likasema ninyi mna kapteni, hamwezi kuwa na vyote. Letu likasema mtoto aliyeangushwa ni wetu. Makocha watatu wakaingia uwanjani. Wachungaji nao wakashuka kutoka kwenye magari. Refa kasimama na mpira kwapani kama mtu anayesubiri basi. Wairaki wamekaa chini kwenye nyasi. Mmoja alimenya chungwa.

Nikamtazama Fidelis. Alikuwa anashika watu mabega, huyu, yule, tai imehamia mgongoni. "Jamani, jamani." Alikuwa anatazama mikono yao, kama anatafuta mawe.

Hakuna aliyerusha kitu. Namshukuru Mungu kwa hilo, bila utani.

Mwishowe akapiga kijana wa ngoma. Bosco akaudaka kama mkate. Hakushangilia. Mechi ilipokwisha alikuja kunisaidia kufungua nyavu. Yeye upande wa juu, mimi wa chini. Prezida alipita karibu yetu. Wakapeana mkono. Ni hayo tu.

Jumamosi, 2 Agosti

Wamekuja wachezaji sita. Kwa kuwa refa ana roho nzuri alitungoja. Hakuja wa saba, mechi ikafutwa. Ila watu wa komite walikuja wote, wamekaa kwenye viti vyao. Nikamwambia refa awahesabu hao. Hakuelewa Kiswahili, bahati yangu.

Mpaka kufika jioni nimepata habari zote. Kanisa la magitaa limeanzisha timu yao. La ngoma nao. Letu tumetangaziwa kwamba nasi tuna maono. Timu tatu. Hakuna hata moja yenye watu kumi na moja.

Mjukuu wangu aliniuliza kwa Kiingereza sasa wewe utakuwa timu gani. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nina usingizi.

Jumapili, 10 Agosti

Mama wa kanisa la ngoma amefariki, yule aliyekuwa akituletea maandazi uwanjani. Tumezika Ijumaa. Makanisa yote matatu yalikuwepo. Magitaa waliimba, letu lilihubiri mno, ngoma wakalia. Vijana wote waliokuwa Nyota ya Ziwa walibeba jeneza kwa zamu, wala hakuna aliyeuliza zamu ya nani.

Nilimwona Fidelis anawahesabu kwa macho. Nikamgusa kiwiko tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Ligi wametufuta. Leo hakuna mechi.

Niliamka saa ileile. Nikachukua nyavu nikaenda, nikijiambia nakwenda kuzianika. Nilifunga wavu wa goli moja tu. La pili nilimwachia Mungu.

Fidelis akaja. Hana suti, kavaa sweta ya mkewe, nadhani. Kashika mpira kama mtu kashika kuku wa kuazima. Hakusema kwa nini kaja, nami sikumwuliza nani kafa.

Bosco naye alipita, katoka kazini, mechi yao ni mchana. Akaona wavu umefungwa. Akashuka, akaenda akasimama golini na nguo za ghala. Nikamwambia Fidelis, piga. Akasema ana viatu vya kanisani. Nikamwambia basi zamu ya kanisa letu.

Akarudi nyuma hatua nyingi mno kwa mtu wa umri wake. Akapiga. Mpira ukatambaa kwenye nyasi, polepole, ningeweza kuukamata mimi na magoti yangu yote mawili. Bosco akajitupa upande mwingine.

Fidelis akanyoosha mikono juu. Akacheka hadi akakohoa.

Kijana aliyekataa kumdanganya Mungu, leo kamdanganya prezida. Nimekunja wavu ukiwa bado na unyevu. Nitauanika kesho, baada ya ibada.